Bulu na kofia nyekundu: askari wadogo wa mezani na vita vya Kasongo

 Leo hatuna habari ya barabara wala ya bei ya mchele. Leo tunazungumza historia, na historia yenyewe inaanza na watoto na udongo.

Juzi, baada ya mvua, watoto watano walikaa nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Wawili ni wa hapa hapa. Watatu ni wa familia zilizofika kwa mguu, ambazo hadi leo zinalala kwa watu. Walikuwa wamechota udongo wa mfinyanzi kando ya kijito, wakafinyanga askari wadogo, kila mmoja urefu wa kidole, na kijiti begani kuwa bunduki yake. Waliwapanga mistari miwili juu ya ubao. Nikawauliza: "Hawa ni wa nani, na wale ni wa nani?" Mkubwa wao, mtoto wa miaka labda kumi, akanijibu bila kuinua macho: "Papa, ngojea kwanza niwapake rangi, ndipo utajua."

Alikuwa na makala ya jikoni, pemba nyeupe, unga wa tofali lililosagwa, na biki ya bulu aliyoivunja ili wino utoke. Neno lake lilinifuata hadi nyumbani. Katika eneo letu hili watu wengi wamepona, na wengine wamekufa, kwa kuangalia rangi ya nguo ya mtu anayetokea njiani. Tukiuliza wazee na vitabu, je, ni kweli kwamba ukipaka rangi ndipo unajua?

Kazi ya watu wazima

Wengi wenu mtashangaa kusikia kwamba huko Ulaya kazi hii ya kupaka rangi askari wadogo ni ya watu wazima, wenye mvi na wajukuu. Wana askari wa madini, wadogo kuliko kidole gumba. Wanawapaka rangi mmoja mmoja kwa brashi nyembamba sana, kisha wanawapanga juu ya meza yenye vilima, miti na nyumba za kuigiza. Wawili wanakaa pande mbili za meza, kila mmoja ni mkuu wa jeshi lake. Wanapima mwendo wa askari kwa rula, wanatupa dadu kuona nani amepigwa na nani amesalimika. Jioni askari wote, waliokufa na waliopona, wanarudishwa katika sanduku moja.

Mchezo huu ni wa zamani. Katika karne ya 18 mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wakimimina askari bapa wa bati. Mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa wa Prussia walitengeneza mchezo wa vita juu ya meza ili kufundisha ukuu wa jeshi. Kisha mwaka 1893 kiwanda cha familia ya Britain huko London kilipata njia ya kumimina askari wa risasi walio wazi ndani. Madini machache, uzito mdogo, bei ndogo. Tangu hapo askari wa mkononi wakaingia katika nyumba za watu wengi. Mushike mwaka huo, 1893, tutaurudia.

Vita vinavyopendwa sana juu ya meza hizo ni vya Napoleon, mfalme mkuu wa Wafaransa, aliyepigana na karibu Ulaya nzima hadi aliposhindwa Waterloo, kusini ya Bruxelles, tarehe 18 ya mwezi wa sita 1815. Kwa nini vita vyake? Sababu kubwa ni rangi. Wafaransa walivaa bulu, Waingereza nyekundu, Waaustria nyeupe, Warusi kijani. Juu yake mikanda myeupe yenye kupita kifuani, vifungo vya shaba, manyoya kwenye kofia. Haikuwa urembo tu. Baruti ya wakati ule ilitoa moshi mzito, bunduki haikupiga sawasawa mbali, na askari walisimama bega kwa bega. Mkuu aliyekuwa kilimani alihitaji kuona kupitia moshi: hawa ni wangu, wale ni wa adui.

Kuna wachezaji ambao hadi leo wanapenda kupaka kwa mtindo wa zamani, ule wa miaka ya 1960 na 1970, wakati Mwingereza Donald Featherstone alipotoa kitabu chake cha mchezo huu mwaka 1962 na watu wengi wakaufuata. Namna yao ni hii. Kwanza unakwangua kwa tupa mabaki ya madini yaliyobaki katika kumimina. Unaosha sanamu kwa sabuni ili rangi ishike. Unaigandisha juu ya kifuniko cha chupa ili usiiguse kwa vidole. Unaipaka yote rangi moja ya chini, mara nyingi nyeupe. Ikikauka, unaanza na ngozi ya uso na mikono, kisha koti, kisha suruali, kisha mikanda, mwisho bunduki na viatu. Kila rangi imesimama peke yake, safi, bila kivuli wala matope. Halafu unapaka vanishi ya kung'aa, na askari anametameta kama sufuria mpya. Haufanyi mmoja tu: unafanya ishirini pamoja, koti zote kwanza, kisha mikanda yote, kama fundi nguo anayeshona yunifomu za masomo.

Neno moja kwa wazazi kabla ya kuendelea: wale askari wa zamani walikuwa na risasi ndani yake, na risasi ni sumu mwilini mwa mtoto. Udongo wetu wa mfinyanzi ni salama zaidi. Msiwaache watoto wayeyushe betri za gari ili kumimina kitu chochote.

Sisi wenyewe juu ya meza

Mmoja wa jamaa zetu anayeishi Uingereza alinitumia picha kwa simu. Alikuwa ameingia katika sala moja ambamo watu wazima walikuwa wakicheza. Akapita meza ya Napoleon, akapita meza nyingine, akafika meza moja yenye msitu, mto mpana, na mitumbwi. Upande mmoja walisimama askari wadogo weusi wenye nguo za bulu, mshipi mwekundu kiunoni, na kofia nyekundu. Upande mwingine watu wa kanzu nyeupe na vilemba, na nyuma yao kundi lenye mikuki, ngao na bunduki za gumegume. Jamaa yetu aliniandikia maneno machache tu: "Kaka, hii ni Lualaba. Hawa ni sisi."

Si uongo. Kampuni ya Kiingereza inayoitwa Wargames Foundry imeuza kwa miaka mingi sanamu za vita vya Afrika ya kati za karne ya 19: ruga-ruga, Wazande, Waarabu wa Zanzibar, askari wa Leopold. Jina la kundi hilo la sanamu ni Darkest Africa, yaani Afrika yenye giza kuliko zote, jina linalofuata lile la kitabu cha Stanley cha mwaka 1890. Giza hilo lilikuwa machoni mwa mgeni. Babu zetu waliona njia zao vizuri.

Basi mchoraji huyu wa mbali anatafuta rangi sahihi ya koti la mtu aliyeingia Kasongo. Rangi aliyoipata ni sahihi. Jeshi la Leopold, Force Publique, lilivaa kitambaa cha bulu, mshipi mwekundu na tarabushi nyekundu, likabeba bunduki ya Albini kutoka Ubelgiji. Hata kofia hiyo ina safari yake. Ilitoka kwa Waturuki na Waarabu wa kaskazini. Napoleon alikwenda Misri mwaka 1798, na baadaye akawa na wapanda farasi wa Mamluki waliomlinda. Wafaransa walipoingia Algeria mwaka 1830 wakaunda kikosi cha Zuavu chenye kofia kama hiyo, na mtindo ukaenea katika majeshi mengi, hata yale ya koloni. Ndiyo kusema kofia ya Mwislamu wa kaskazini ilivalishwa kijana wa Kongo ili aje kupigana na Mwislamu wa Kasongo.

1893

Turudi sasa katika ule mwaka. Wakati London walipoanza kuuza askari wao wepesi, hapa kwetu askari wa kweli walikuwa njiani.

Kasongo ulikuwa mji mkubwa. Tippu Tip alikaa hapo tangu miaka ya 1870 na kuufanya kitovu cha biashara ya pembe na ya watumwa. Alipoondoka kurudi Unguja, mwanawe Sefu alibaki. Mwisho wa mwaka 1892 vita vikaanza kati ya Sefu na Dola la Leopold. Sefu alivuka Lomami akapigwa na jeshi la Francis Dhanis. Wabelgiji wawili waliokuwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa. Mwezi wa kwanza 1893 Dhanis alifika ukingo wa Lualaba, mbele ya Nyangwe, mji ule ule ambako Livingstone aliona watu wakiuawa sokoni mwezi wa saba 1871. Majeshi mawili yakatazamana ng'ambo kwa ng'ambo kwa wiki nyingi. Mitumbwi ilikuwa ya Wagenya, na bila Wagenya hakuna aliyevuka. Tarehe 4 ya mwezi wa tatu Nyangwe ikaanguka. Tarehe 22 ya mwezi wa nne Kasongo ikaanguka.

Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa na Dhanis, aliandika kitabu mwaka 1897. Anaeleza mshangao wa askari walipoingia katika nyumba za Kasongo: sukari, mishumaa, viberiti, vyombo vya fedha na vya kioo, vitanda vyenye vitambaa vya hariri. Mashamba ya mpunga na ya miwa yalizunguka mji. Leo mahali pale pa zamani tunapaita Tongoni, na watafiti wamekwenda kuchimba na kuwauliza wazee.

Mwezi wa kumi Sefu akafa kwa vidonda vya vita. Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, akaendelea kupigana, na mwezi wa kwanza 1894 Kabambare nayo ikakamatwa. Hivyo vita vikaitwa vimekwisha.

Katika michezo mingi ya mezani sanamu moja inahesabiwa kama watu ishirini. Askari wa kawaida wa Dhanis walikuwa mia chache tu. Tukisema 400, basi wangetosha sanamu 20, sanduku moja la viatu. Watu wa mikuki waliomfuata walikuwa maelfu. Wapagazi, wake za askari waliotembea na jeshi, watoto waliozaliwa njiani, watu wa vijiji waliokimbia kabla jeshi halijafika, na wale waliokufa kwa ndui iliyofuata njia ya majeshi, hao wangejaza meza hadi hakuna nafasi ya kupigania.

Ubelgiji, katika mji wa Blankenberge kando ya bahari, walisimamisha mwaka 1900 sanamu kubwa ya ukumbusho wa Lippens na De Bruyne. Mtu akifa kwao wanamjengea jiwe, ni haki yao. Lakini hesabu ni hesabu: watu wawili wana mnara, na wale wengine wote wa 1893 wana kumbukumbu ya wazee wetu peke yake.

Mtu mmoja, rangi tatu

Hapa ndipo lile neno la mtoto, "ngojea niwapake rangi ndipo utajua", linapata shida.

Fikirini juu ya Gongo Lutete. Alikuwa mtu wa Tippu Tip, akapigana kwa ajili ya wafanyabiashara wa pembe, na watu wa vijiji walimwogopa. Mwaka 1892 akageuka, akapatana na Dola. Maelfu ya watu wake, wenye mikuki na bunduki zile zile, nguo zile zile, wakawa upande wa Dhanis, na bila wao Dhanis asingefika Kasongo. Mchoraji awapake rangi gani? Mwaka uliopita walikuwa adui, mwaka huu ni rafiki, na nguo haikubadilika hata uzi mmoja.

Tarehe 15 ya mwezi wa tisa 1893 maofisa wa Dola walimshtaki Gongo Lutete kwamba ni msaliti, wakamuua kwa risasi huko Ngandu, miezi michache tu baada ya yeye kuwasaidia kushinda. Wengi wa watu wake walikuwa wameingizwa katika jeshi, wakavalishwa bulu na kofia nyekundu. Mwezi wa saba 1895 askari wa Luluabourg wakaasi, na kati ya sababu za uasi wanahistoria wanataja kifo cha mkubwa wao, pamoja na mishahara na mapigo. Mwezi wa pili 1897 askari wengine wa safari kubwa ya Dhanis kuelekea Nile wakaasi pia, wakageuza njia kurudi kusini. Safari yao ilifika hadi kwetu. Mwisho wa mwaka 1898 walipigana na Dola katika maeneo haya ya Kabambare na wakaikamata Kabambare yenyewe, kabla ya kufukuzwa tena.

Sasa mweke mchoraji mbele ya vita hivyo vya Kabambare. Upande huu, koti la bulu, mshipi mwekundu, kofia nyekundu, Albini. Upande ule, koti la bulu, mshipi mwekundu, kofia nyekundu, Albini. Wamefundishwa na walimu wale wale na kupigwa tarumbeta ile ile. Juu ya meza atalazimika kubandika alama chini ya miguu yao asije akawachanganya. Mama wa kijiji aliyewaona wakitokea msituni mwaka 1898 hakuwa na alama ya kusoma. Alichukua mtoto akakimbia wote wawili.

Na aliyekuwa na umri wa kubeba bunduki wakati wa Tippu Tip aliweza kuvaa kanzu mwaka 1891, kwenda na kundi la Gongo Lutete mwaka 1893, na kuvaa bulu mwaka 1895. Ni mtu yule yule, mama yake mmoja. Hata lile jina ambalo watu wa vijiji waliwapa wavamizi wa zamani, Batambatamba, halikutaja rangi wala kabila. Linakumbusha kitendo chao, na watu hawakulisahau.

Kaki na mizigo

Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo chenye kanuni za kucheza vita kwa askari wa risasi sakafuni. Mwishoni anasema jambo la maana: kwamba mtu akicheza vita hivi vidogo mara chache ataona mwenyewe jinsi vita vikubwa ni ujinga na hasara. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vikaanza, na havikumuuliza.

Vita hivyo vilibadilisha rangi. Bunduki sasa zilipiga mbali na baruti haikutoa moshi mwingi. Mtu wa kofia nyekundu alikuwa shabaha. Ulaya Wafaransa waliacha suruali zao nyekundu. Kwetu Force Publique iliacha bulu, ikavaa kaki, neno lenye asili ya Kihindi na Kiajemi la kusema rangi ya vumbi. Kwa rangi hiyo waliingia Tabora tarehe 19 ya mwezi wa tisa 1916, baada ya kuwafukuza Wajerumani. Wazee wetu wengi walikua wakisikia neno "Tabora" kama neno la sifa.

Lakini waliofika Tabora walikula chakula kilichobebwa kichwani. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa vita vyote vile vya Kongo ni wapagazi 260,000. Askari walikuwa sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Mpagazi hakupewa koti la bulu wala la kaki. Alikwenda na nguo aliyokuwa nayo siku alipochukuliwa. Kwa mchoraji wa kawaida huyo hana rangi, kwa hiyo hana kazi juu yake.

Baada ya hapo rangi ziliendelea kubadilika, nanyi mnazijua kuliko vitabu. Mwaka 1964 Wasimba walivaa ngozi, majani, na nguo walizowanyang'anya wanajeshi. Mwaka 1996 na 1997 walipita vijana wa buti za mpira. Walikuja wengine baadaye, na sitawataja, kwa maana kati yenu kuna waliofungasha mizigo kwa ajili yao na hamhitaji kukumbushwa na mimi. Nasema hili tu: kila safari kuna mtu aliyesimama njiani akijiuliza rangi ile inasema nini, na mara nyingi rangi haikumwambia ukweli.

Tufanye nini na askari wa udongo?

Nimesikia wazazi wawili wakibishana juu ya wale watoto. Mmoja alisema wavunje udongo ule, kwa sababu mtoto aliyekimbia bunduki hapaswi kuichezea. Mwingine alisema waache, mtoto anachokifinyanga anakitoa rohoni. Wote wawili wana sababu. Bunduki ya mti yenye ukubwa wa bunduki ya kweli, mimi mwenyewe ninaikataza kabisa: jioni, njiani, inaweza kumuua mtoto kwa kosa la macho. Lakini askari wa kidole kimoja juu ya ubao hamtishi mtu, na anafungua mdomo wa mtoto.

Na anafungua mdomo wa mzee pia. Kwa maana siku ile nilikaa na wale watoto, nikawaeleza habari ya bulu na kofia nyekundu, na yule mkubwa akafurahi, akampaka askari wake kofia kwa unga wa tofali na koti kwa wino wa biki. Alimpaka vizuri, bila kumwaga, kama wale wazee wa Uingereza. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama. Akasema babu yake alimsimulia juu ya mshipi: haukuwa mkanda wa ngozi, ulikuwa kitambaa kilichozungushwa kiunoni. Mzee huyo nimekaa karibu naye miaka mingi na sikuwahi kumsikia akisimulia jambo la babu yake. Sanamu ya udongo ndiyo iliyomtoa neno. Watu wa mbali wanasoma vitabu ili kujua rangi ya mshipi ule, na hapa kwetu alikuwapo mtu aliyeijua, na hakuna aliyemuuliza.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Wazee wakiwa bado wapo, waulizeni juu ya nguo. Msiwaulize "vita vilikuwaje", neno hilo ni kubwa, linafunga kinywa. Ulizeni: walivaa nini? Walibeba nini? Ninyi mlibeba nini? Walimu wa masomo wanaweza kuwapa watoto kazi hiyo, waandike katika daftari. Ninyi mlio mbali na makwenu mnaweza kufanya hivyo jioni, popote mlipolala.

Namaliza na jambo lililotokea mwisho wa siku ile. Bibi wa wale watoto watatu, mama mzee aliyefika hapa kwa mguu, alitoka jikoni akasimama juu ya ubao. Aliangalia mistari miwili, bulu huku, nyeupe kule. Akauliza: "Na mimi niko wapi?"

Watoto wakacheka. Akasema: "Sichezi. Siku ile nilikuwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani na mwingine mkononi. Mmenifinyanga wapi?"

Hawakuwa na jibu. Yule mkubwa akachukua donge la udongo lililobaki, akaanza kufinyanga. Mtoto mgongoni ilikuwa kazi ngumu, ulianguka mara mbili. Sufuria ilikaa. Alipomaliza akauliza: "Bibi, nguo yako ilikuwa ya rangi gani?"

Bibi akafikiri muda mrefu. Akasema ilikuwa ya manjano, yenye maua, na kwamba ilibaki njiani.

Manjano hawakuwa nayo. Wakamwacha rangi ya udongo, wakamweka katikati ya ubao, kati ya mistari miwili.

Mwandishi wenu, Lusangi.